Mama alikuwa na damu 8, mtoto akazaliwa na 17. Leo ana miezi saba na damu hana. Imekwenda wapi?

#1 MtuWaUgweno
Wakuu, habari za majukumu. Kuna jambo linanizungusha kichwa.

Mke wangu akiwa na ujauzito wa miezi minane alipimwa kliniki, akakutwa na damu 8.2. Nyumba ikahamia kwenye damu: vidonge, maini, matembele, juisi ya rozela mpaka sufuria zikabadilika rangi. Alipojifungua, mtoto alikuwa na umanjano kidogo, wakampima na damu: 17.4. Mama mkwe akasema, "Si unaona, kamnyonya mwenzie." Tukacheka, yakaisha.

Sasa mtoto ana miezi saba. Ananyonya vizuri, hajawahi kulazwa. Wiki iliyopita kikohozi kikatupeleka hospitali, wakapima: 8.3. Karudi palepale alipokuwa mama yake!

Ninachouliza: hiyo 17 aliitoa wapi kama mama hakuwa nayo? Na imekwenda wapi? Siku zote tunaambiwa maziwa ya mama yana kila kitu.

#2 Kifaru_Mweupe
Imekwenda unakokwenda mshahara wako kila tarehe 5. Uzi mzuri, navuta kigoda.

#3 Nesi Mstaafu
Mwanangu, nimezalisha miaka 31, nikueleze ninachokijua.

Kondo la nyuma haligawi kwa haki. Upande wake unaogusana na damu ya mama una vipokezi vinavyodaka chuma, madini ya kutengenezea damu, kinapopita na kukivusha kwa mtoto, na njia hiyo ni ya kwenda tu. Mama akipungukiwa, kondo huongeza vipokezi. Ndiyo maana utamkuta mama mweupe viganjani kama karatasi na mtoto mwekundu analia mpaka korido ya pili.

Ujauzito mzima unamdai mama karibu gramu moja ya chuma. Kama miligramu 300 zinakwenda kwa mtoto na kondo, nyingine nyingi zinatumika kutengeneza damu ya ziada ya mama mwenyewe. Mtoto wa kilo tatu anazaliwa na chuma kama robo ya gramu mwili mzima. Hicho ndicho anachoanzia maisha.

Lakini usidanganyike na ile 17. Kila mtoto mchanga ana damu nzito, maana tumboni hewa ya oksijeni ni ya kubana. Akizaliwa akaanza kuvuta mwenyewe, mwili unasimamisha kutengeneza damu kwa wiki kadhaa, na ile ya zamani inavunjwa. Akifika miezi miwili damu inaweza kuwa 10, na hapo si ugonjwa. Chuma kilichotoka kwenye damu iliyovunjwa hakitupwi, kinawekwa ghalani kitumike baadaye. Wako ghala limeisha mapema. Kwa nini limeisha, hapo ndipo pa kutafuta.

#4 MtuWaUgweno
Shikamoo mama. Nimekuelewa vizuri sana, ila umeniongezea swali. Kama kondo linampendelea mtoto, ghala liliishaje?

#5 Nesi Mstaafu
Marahaba. HB, ile namba ya damu mliyopimiwa, ni pesa ya mfukoni, ghala ni pesa ya benki. Mtoto anaweza kuzaliwa mfuko umejaa na benki hamna kitu. Chuma kikiwa kidogo tumboni, mwili wa mtoto unatengeneza kwanza damu, viungo vingine vinasubiri, hata ubongo. Ndiyo maana 17.4 haikukuambia lolote kuhusu akiba. Kondo nalo lina kikomo: mama akiishiwa kabisa, linavusha kile kilichopo tu.

Nikuulize na mimi. Mtoto alizaliwa wiki ya ngapi, na kitovu kilikatwa baada ya muda gani?

#6 KigamboniFeri
Kitovu tena? Si mtoto akitoka tu wanabana na kukata? Mimi nilikuwepo wa kwangu alipozaliwa, hata sekunde kumi hazikufika.

#7 Nesi Mstaafu
Ndivyo tulivyofundishwa zamani, na nilifanya hivyo miaka mingi, Mungu anisamehe. Sasa Shirika la Afya Duniani linasema usibane kabla ya dakika moja, ngoja moja hadi tatu, isipokuwa mtoto anahitaji kusaidiwa kupumua mara moja. Mtoto akishatoka, sehemu ya damu yake bado iko kwenye kondo. Ukisubiri inaingia, mililita 80 mpaka 100 hivi. Kwa mtu mzima hiyo ni nusu kikombe. Kwa mtoto mwenye damu ya robo lita mwili mzima ni mali, na chuma chake kinamvusha miezi kadhaa.

#8 Bibi_Mkunga_Mjukuu
Hapo nimecheka. Bibi yangu alikuwa mkunga wa jadi huku Handeni. Hakati kitovu mpaka kiache kupiga, mara nyingine mpaka kondo litoke. Wakaja na semina wakamwambia ni ushamba. Amefariki kabla ya kuombwa radhi.

#9 Nesi Mstaafu
#8, kwa kusubiri bibi alikuwa sahihi. Kwa wembe na majivu kwenye kitovu hakuwa sahihi, na pepopunda ilichukua wengi. Tusije tukasifu vyote kwa pamoja.

#10 Bibi_Mkunga_Mjukuu
Nimekubali, mama. Ila bibi hakutumia majivu!

#11 DaktariWaMifugo_Kongwa
Mimi natibu wanyama, msinitupie mawe. Kwetu jambo hili liko wazi kuliko kwenu. Kitoto cha nguruwe kinazaliwa na chuma kama miligramu 50, kinakua kwa kasi, na kila siku kinahitaji 7 mpaka 10. Maziwa ya mama yake yanampa moja tu. Usipokichoma sindano ya chuma ndani ya siku za mwanzo, wiki ya tatu kimepauka na kinahema.

Cha ajabu, nguruwe wanaofugwa nje hawahitaji sindano. Vitoto vinachimba na kula udongo. Aliyeleta tatizo ni sisi na sakafu ya saruji.

Kwa hiyo maziwa kuwa na chuma kidogo hakukuanza na mke wako, mkuu. Wanyama wengi ndivyo walivyo.

#12 Kifaru_Mweupe
Mkuu wa Kongwa, umemfananisha mke wa mtu na nguruwe kwa takwimu kabisa. Heshima yako.

#13 MtuWaUgweno
😂😂 Mke wangu anasoma huu uzi, tafadhali.

Kumjibu mama #5: alizaliwa wiki ya 36. Kitovu sijui, nilikuwa nje nashika mfuko wa nguo. Na kuna jambo sikulisema. Mwezi wa tano mpaka wa nane wa mimba, mke wangu alikuwa anakula pemba, ule udongo wa sokoni. Si kidogo.

#14 Zuhura_Muscat
Aaah! Ulificha kesi yenyewe. Pemba inakunywa damu.

Nami mwenyewe nilikula kwa mimba zote mbili. Dada zangu walikuwa wananipakia kwenye sanduku kutoka Dar, forodha wananiuliza hii ni nini, nawaambia dawa ya tumbo. Harufu yake ikinyeshewa mvua, jamani.

#15 NyarKisumo
Huku kwetu tunaita odowa, iko kila soko. Na nimekuwa nikiambiwa kinyume, kwamba mwili unatamani udongo kwa sababu umekosa madini, mtoto ameyachukua yote, so unaenda kuyatafuta ardhini. Mamangu alikula akiwa na sisi wote sita na tuko sawa.

#16 DaktariWaMifugo_Kongwa
#15 hilo ndilo nililolisema kwa nguruwe.

#17 Mfamasia_wa_Usiku
Hapana, tusiharakishe. Udongo wa nguruwe na pemba ya sokoni si kitu kimoja. Pemba ni mfinyanzi, na mfinyanzi una tabia ya kushika vitu tumboni. Ukila pemba saa nne na kidonge cha chuma saa nne na nusu, sehemu ya kidonge inatoka na pemba. Kuwa na chuma ndani ya udongo hakumaanishi utumbo unaweza kukichukua.

Wapo wanaosema damu kidogo inaleta hamu. Wapo wanaosema hamu inaleta damu kidogo. Wapo wanaosema udongo unafunika utumbo usidhuriwe na sumu na kichefuchefu cha mimba. Nimeona watu wenye akili kila upande. Nikiwa dukani namwambia mama jambo moja tu: usivikutanishe na vidonge. Na chai ya rangi pia, ngoja saa moja au mbili. Watanzania tunameza kidonge cha damu kwa chai halafu tunalaumu kidonge.

Jingine: baadhi ya udongo huu una madini ya risasi. Hiyo inapita kwenye kondo bila kuulizwa.

#18 Zuhura_Muscat
Risasi? Ya bunduki?

#19 Mfamasia_wa_Usiku
Madini yenyewe, dada, ile ya betri za gari na rangi za zamani. Ikiingia mwilini inajificha mfupani miaka mingi kwa sababu mfupa unaidhania kalisi. Mama akipata mimba, mfupa ukitoa kalisi kwa ajili ya mtoto, na risasi ya zamani inatoka nayo. Mtoto anaweza kupata sumu aliyokula mama akiwa msichana.

#20 Zuhura_Muscat
Mbona umenitoa hamu, mpenzi.

#21 Mama_Kulwa_na_Doto
Mmetaja mfupa, niulize yangu. Nimezaa mapacha, na meno mawili yameng'oka. Mama yangu anasema kila mtoto na jino lake, kalisi ya meno yangu imekwenda kwa watoto. Ni kweli?

#22 Nesi Mstaafu
Si kweli, mama mapacha, ila bibi zetu hawakuwa mbali. Mtoto mmoja akikomaa anakuwa amekusanya kalisi kama gramu 30, nyingi katika miezi mitatu ya mwisho. Utumbo wa mama hujibu kwa kufyonza karibu mara mbili ya kawaida. Wakati wa kunyonyesha mfupa unakopesha, unapungua asilimia tatu mpaka tano, ukiachisha unarudi. Jino halikopeshi. Likishatengenezwa halina njia ya kurudisha kalisi kwenye damu.

Meno yanaharibika mimbani kwa sababu fizi zinavimba, kutapika kunaleta asidi, na mtu anakula kidogokidogo mpaka saa nane usiku, halafu mswaki unamtia kichefuchefu. Nenda kwa daktari wa meno, usimsingizie Doto.

#23 MenoYaKahawia
Watu wa Arusha tuongee sasa, mada ya meno imefika nyumbani. Mimi nimekulia Maji ya Chai, na jina tu linakuambia. Meno yangu mnayajua kwa jina langu la humu. Madini ya floraidi kwenye maji.

Ajabu iko hapa. Mwanangu wa kwanza alinyonya, meno ya utotoni meupe kama maziwa, majirani wakauliza tumefanya nini. Yalipokuja ya ukubwani, kahawia. Yaani mama yake na mimi tumekunywa maji yaleyale, ila mtoto alikuwa amekingwa. Na nini?

#24 Mfamasia_wa_Usiku
Na mama. Floraidi inapita kwenye maziwa kidogo sana, hata mama akinywa maji yenye floraidi nyingi. Meno ya utotoni mengi yanajengwa mtoto akiwa tumboni na akiwa ananyonya. Ya ukubwani yanajengwa baadaye, akiwa ameshaanza uji wa maji ya bomba lenu, na mbaya zaidi mboga na maharage ya magadi. Magadi yenyewe yana floraidi.

Kile kituo cha Ngurdoto cha kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa, nasikia mnakiona cha kishamba. Mtumie.

#25 MenoYaKahawia
Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, mkuu. Wengine dini zao na mila zao zinakataa kabla hawajauliza mifupa ya nini. Ila umenieleza kitu nilichokuwa nakijua kwa macho tu.

#26 Kifaru_Mweupe
Kwa hiyo maziwa ya mama yanazuia floraidi, hayatoi chuma, na Nesi anasema yana kila kitu. Mama huyu ana sera gani?

#27 Nesi Mstaafu
Sikusema yana kila kitu, kasema aliyefungua uzi 😄

Umeuliza vizuri lakini, hata kama unatania. Madini kwenye maziwa yako makundi mawili. Chuma, zinki, shaba na kalisi: titi linajipimia lenyewe. Mama ale maini kila siku au ale ugali na mlenda, kiwango hakibadiliki sana. Chuma hakifiki hata nusu miligramu kwa lita, ila tumbo la mtoto linakichukua vizuri kuliko cha maziwa ya ng'ombe. Zinki iko nyingi kwenye dang'a, yale ya njano ya siku za kwanza, kisha inashuka mwezi hadi mwezi.

Kundi la pili ni madini joto na seleniamu. Haya yanafuata sahani ya mama. Mama akikosa, mtoto anakosa siku hiyohiyo.

#28 Mwalimu_Njombe
Nakazia la madini joto. Sisi wa nyanda za juu tumekua na watu wenye rovu shingoni, tukaambiwa ni kurithi. Chumvi ya madini joto ilipoingia miaka ya tisini, rovu likawa la wazee tu. Mama mjamzito anahitaji mikrogramu 250 kwa siku, mtu mwingine 150, na kijusi wiki za mwanzo hakina tezi inayofanya kazi, kinategemea homoni za mama tu. Akizipungukiwa sana, unaumia ubongo. Hakuna sindano ya baadaye itakayorudisha.

Halafu mtu ananunua chumvi ya mawe ya rejareja kwa sababu "ya kiwandani ina kemikali."

#29 Mpemba_Halisi
Assalamu alaykum. Wa Njombe, msidhani ni nyie wa milimani peke yenu. Sisi tulikuwa tunaambiwa tunakula samaki, hatuwezi kukosa. Walipokuja kupima visiwani wakakuta rovu, na Pemba ni zaidi kuliko Unguja. Chumvi tulikuwa tunajitengenezea wenyewe mashambani mwetu pwani, haina kitu kilichotiwa. Samaki kwa mfuko wa mtu masikini ni mkia na kichwa cha leo, kesho hakuna.

Na kwa faida ya wote: Pemba ni kisiwa. Ule udongo wenu sisi hatuujui.

#30 Zuhura_Muscat
Mwongo huyo 😂 nimeishi Wete mwaka mzima, nimeuona.

#31 Mpemba_Halisi
Dada, stara.

Ila nataka kurudi kwa aliyefungua uzi, maana naona anataka kukimbilia dawa ya chuma. Pemba kulifanywa jaribio kubwa, watoto wa mwezi mmoja mpaka miezi 35 wakipewa chuma na asidi ya foliki kila siku. Agosti 2003 makundi ya chuma yakasimamishwa, kwa sababu waliokuwa wakilazwa na kufa walikuwa wengi kuliko wasiopewa. Likachapishwa kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2006. Malaria ilikuwa imejaa wakati ule. Kwa hiyo msimpe mtoto chuma kama peremende.

#32 MtuWaUgweno
Aisee. Sasa nimeogopa. Tulishaandikiwa sirapu tangu juzi, iko mezani.

#33 Nesi Mstaafu
Usiogope, mwanangu, soma habari yote. Katika jaribio lilelile, kikundi kidogo kilichopimwa vizuri na kutibiwa malaria kilionyesha kwamba waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika. Kilichoumiza ni kuwagawia watoto wote bila kupima, kwenye malaria kali. Wako amepimwa, ana 8.3. Ila mliulizwa malaria? Kipimo kilifanyika?

Na mnampa nini zaidi ya titi?

#34 MtuWaUgweno
Malaria walipima, hakuna. Chakula ni uji wa lishe tangu miezi sita. Ule wa mahindi, ulezi, mtama, soya, karanga, ngano, mchele na sijui nini, nafaka kumi.

#35 DaktariWaMifugo_Kongwa
Nafaka kumi ni chakula cha kuku wa mayai.

#36 Mfamasia_wa_Usiku
Na fitati kumi. Ngozi za nafaka zina fitati, inafunga chuma na zinki tumboni. Mtoto wa miezi 7 hadi 12 anatakiwa apate kama miligramu 11 za chuma kwa siku kutoka kwenye chakula. Ukimpa uji wa unga huo mara tatu, kwenye karatasi amepata, mwilini hajapata. Ulezi ukioteshwa ukawa kimea, au unga ukichachushwa kidogo kama wazee walivyofanya togwa, fitati inapungua. Weka na maini yaliyopondwa, dagaa waliosagwa, tone la chungwa au ukwaju.

#37 KigamboniFeri
Wakuu, hakuna aliyetaja sikoseli? Mtoto wa shemeji yangu alizaliwa sawa kabisa, miezi sita au saba ndipo damu ikaanza kushuka, mikono ikavimba. Tukalaumu uji, tukalaumu meno, tukalaumu jicho la jirani.

#38 Nesi Mstaafu
Asante. Hilo nilipaswa kulitaja mapema. Mtoto anazaliwa na hemoglobini ya tumboni, ambayo haijikunji. Inampa kinga miezi ya mwanzo. Ikiisha na kuachia ya ukubwani, ndipo sikoseli inajionyesha, na ni umri huohuo ambao chuma nacho kinaisha. Magonjwa mawili yanagonga mlango mmoja, tarehe moja. Pimeni.

#39 Mtu_wa_Takwimu
Sahihisho dogo: huku tunaitana wagonjwa kwa mstari wa 11, yaani damu ikiwa chini ya hapo ni upungufu. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwaka 2024, miezi 6 hadi 23 mstari ni 10.5. Haibadilishi kitu kwa 8.3, ila kuna wazazi wa watoto wenye 10.7 humu wasilale bure macho.

#40 MwanaKatanga
Jambo bandugu, miye niko Lubumbashi. Ninyi munaongea kitu mama anakosa kumupa mutoto. Huku tunaogopa kile anamupa bila kujua. Vumbi ya migodi, kobalti na shaba, iko hadi kwa mahindi. Mu 2020 utafiti ya hapa ilitoka, walilinganisha batoto bale walizaliwa na kasoro na bale wazima. Kile kilishangaza ni kazi ya baba. Baba mwenye kufanya kazi ya mugodi ndiye alionekana, zaidi ya mama. Vumbi anarudi nayo kwa nguo, ao ni kitu ingine, batu bangali banabishana.

#41 Kaka_Geita
Huku ni zebaki. Mtu anachoma dhahabu kwenye karai jikoni, mke mjamzito yuko pembeni anapika. Moshi hauna harufu, kwa hiyo hauna hatia. Zebaki ya samaki wakubwa nayo inapita, na damu ya kitovu hukutwa nayo nyingi kuliko ya mama. Ule ujanja wa kondo wa kumpendelea mtoto mnaousifu tangu #3 unageuka.

#42 Mama_Kulwa_na_Doto
Sasa dagaa wa #36 tuache?

#43 Kaka_Geita
Hapana dada, dagaa ni wadogo, hawaishi muda wa kukusanya. Ogopa samaki mkubwa anayekula samaki. Na ogopa karai.

#44 MtuWaUgweno
Nawaletea mrejesho, poleni kwa kimya.

Sikoseli: ni mbebaji tu, AS. Daktari anasema ubebaji haushushi damu hivyo, ila mimi na mama yake tupime kabla ya mtoto wa pili.

Halafu jana limefumuka jingine. Mama mkwe anaishi nasi. Kumbe tangu mtoto ana miezi minne, sisi tukiwa kazini, alikuwa anampa maziwa ya ng'ombe, kikombe asubuhi na jioni, ya yule jirani mwenye ng'ombe wawili. "Na mliposema damu hana, mimi nikayaongeza." Sikujua nicheke au nilie.

#45 DaktariWaMifugo_Kongwa
Nilijua ng'ombe atatajwa.

#46 Mfamasia_wa_Usiku
Hapo pana uzito. Maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo, kalisi na protini yake vinazuia kile kilichopo, na utumbo wa mtoto chini ya mwaka unaweza kuvuja damu kidogokidogo ambayo hata huioni kwenye choo. Kesi imefungwa kwangu.

#47 Nesi Mstaafu
Kwangu haijafungwa. Mtoto wa wiki ya 36 amekosa wiki nne za mwisho, na chuma kingi kinavuka katika miezi mitatu ya mwisho. Mama alikuwa na 8.2. Pemba miezi mitatu. Kitovu hatujui. Hata bila ng'ombe mtoto huyu ghala lake lilikuwa dogo. Ng'ombe kaongeza tu.

Na mama mkwe asisemwe sana. Alimlisha alichonacho.

#48 NyarKisumo
Mimi bado niko na swali langu la #15 na hakuna mtu amenijibu. Sisi sita tulitokaje sawa?

#49 Kifaru_Mweupe
Mlipimwa?

#50 NyarKisumo
…hapana.

#51 MtuWaUgweno
Wiki sita baadaye. Damu 10.4! Analamba sirapu, ng'ombe amesimamishwa, maini mara tatu kwa wiki, unga sasa ni wa kimea, chandarua kipya. Mama mkwe anasema ni maini yake. Mke anasema ni sirapu. Mimi nasema ni ng'ombe kuondoka. Tumebadilisha vyote wiki moja, kwa hiyo tunabishana tu mezani. Miezi mitatu dawa iendelee, daktari kasema tusiache hata ikipanda, tujaze ghala.

#52 Mpemba_Halisi
Alhamdulillah. Mumpime tena msitegemee macho.

#53 Kifaru_Mweupe
10.4, na mstari ni 10.5. Mtu wa Takwimu atakulaza macho kwa hiyo pointi moja.

#54 Zuhura_Muscat
Hongera baba. Jamani, kuna anayekuja Muscat mwezi huu kutoka Dar? Si kwa ajili yangu, ni ya jirani. Ana miezi mitano na ananisumbua. Nimemweleza yote ya humu, risasi na kila kitu. Kasema kipande kimoja tu, cha kunusa.

#55 Mfamasia_wa_Usiku
Cha kunusa.

#56 Zuhura_Muscat
Wallahi cha kunusa.